Sauti ya Mama Kwenye Simu za Watu

Jumanne, 10 Juni 2025

Mama amefika salama kutoka Mamboya. Mwanangu Yared alimfuata mpaka Dumila, maana macho yake sasa yanatambua mwanga na kivuli tu, na pale Dumila kila kondakta anakushika mkono akuvutie kwake. Amekuja na maharage, kuku aliyefungwa kamba, na shuka lake mwenyewe. Eti mashuka ya mjini yana baridi. Mimi ninayefua mashuka ya gesti kila siku ya Mungu, naletewa shuka!

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho wanakuja Kilosa tarehe mosi Julai na nafasi yake ipo. Wakiondoka ni mpaka mwakani. Kwa hiyo atakaa nami hapa Mikumi hadi siku hiyo. Yeye kitandani, mimi mkekani. Yared ana pa kulala kulekule kwenye banda la video anakofanyia kazi.

Jioni kaomba kwa sauti, kama kawaida yake. Kanisani anafuata Kiswahili cha kitabu cha sala bila kukosea neno, lakini akiwa peke yake na Mungu ni Kikaguru tu, lugha ya kwetu. Mulungu, Mulungu — anamwita kama mtu aliye chumba cha pili. Nilikulia kwenye sauti ile. Nimelala vizuri sana.

Alhamisi, 12 Juni

Yared kaja kumsalimia bibi yake. Shikamoo Bibi, marahaba baba, umekonda, mara umenenepa. Wanapendana hawa wawili mpaka mimi najiona mgeni.

Mikumi yote inamjua kama DJ Yaro. Kazi yake ni kutafsiri picha za nje. Watu wa kule wanaongea lugha yao, yeye anawafunika kwa Kiswahili chake, wanaume, wanawake na watoto, wote sauti moja. Na anawabatiza upya. Polisi anakuwa Afande Mabogini, tajiri anakuwa Mangi, mji wowote wenye ghorofa anauita Dumila. Watu wanakufa kwa kucheka. Ndivyo wanavyotaka, wasipotajiwa Dumila wanasema picha haina ladha.

Anasema picha yake ya mwisho wa Mei imevunja rekodi. Picha ya kutisha, inaitwa "Pokea Ufe". Bonifas mwenye banda ameongeza mabenchi. Nimemwuliza kwa nini asitafsiri za Yesu. Kasema za Yesu zimeshatafsiriwa na wenye vyeo.

Jumamosi, 14 Juni

Leo Kilosa, mkutano wa kina mama wa kanisa. Somo lilikuwa zuri, chai ilikuwa ya maji.

Lakini kuna jambo. Nilipita kwa wakala wa simu pale sokoni. Nimesimama kwenye foleni, nyuma yangu simu ikaita. Haikuita kama simu. Iliita kwa sauti ya mama yangu.

Niligeuka kabisa nikamtafuta Mama. Nikajiuliza amefikaje huku na macho yale.

Ni kijana, kavaa kofia, anaitafuta simu mfukoni, na Mama anaita humo ndani. Sauti imevutwa, nzito, ina mwangwi kama ya mtu aliye kisimani. Ila ni yeye. Muluuungu. Muluuungu.

Nikamwuliza, baba, hiyo ni sauti ya nani? Akacheka. Kasema ni ya lile jini la kwenye "Pokea Ufe", mama, ukiisikia unaua aliye karibu yako. Wenzake wakamwambia mama kaa mbali naye basi. Nikasema hiyo ni sauti ya mama yangu mzazi. Wakacheka zaidi. Walidhani natania.

Nimerudi Mikumi. Sikumwambia Mama.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nilikwenda bandani. Hakukuwa na wateja bado. Nikamwambia Yared, weka hiyo picha, nataka kuiona.

Nimeiona yote. Simu zinaita mji mzima kwa wakati mmoja. Anayepokea anasikia sauti ya mwanamke. Anatulia kidogo, kama mtu aliyesahau alichotumwa, halafu anamgeukia aliye jirani yake. Mwalimu anamgeukia mwanafunzi. Bwana harusi anawageukia wapambe. Ni watu wa kawaida tu, hawana ugomvi. Kuna mama mmoja anapika. Akishapokea simu, kwanza anaepua sufuria, anazima jiko, ndipo anakwenda kumuua mumewe. Hilo la kuzima jiko limenikaa kichwani.

Na kila simu ikiita, ni Mama. Muluuungu. Yared juu yake anatafsiri kwa sauti ya kukwaruza: "Ua! Ua aliye karibu!"

Kajieleza. Akiingiza sauti yake, sauti ya picha inapotea, na ile ya jini ikapotea nayo. Akahitaji lugha isiyoeleweka. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe wa sauti wa Bibi wa mwezi Mei, alirekodiwa na katibu wa kanisa kule Mamboya. Akakata kipande, akakivuta. Basi.

Nikamwambia nisikilizishe ujumbe wenyewe. Mama anamwambia mbuzi amezaa wawili, jike ni lako, njoo ulione kabla halijakua. Halafu anamwombea. Mulungu akulinde barabarani, Mulungu akupe mke mwenye haya.

Nikasema Yared, hilo ni jina la Mungu. Akasema, Mama, nani Mikumi analijua? Vijana wote tunaongea Kiswahili. Ndiyo maana linatisha.

Nimeondoka na sadaka yangu ya jioni mkononi, nimesahau hata kurudi kanisani.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwambia Mama. Nilidhani atalia. Kaniuliza kwanza kama wale watu wa kwenye picha walipona. Nikasema hapana, wamekufa karibu wote. Akasema basi Yared angechukua kipande kile cha mbuzi, hakina madhara.

Akacheka mpaka akakohoa. Baadaye sana, ninachambua mchicha, akasema: "Ila lile jina angeliacha."

Alhamisi, 19 Juni

Leo ni siku mbaya.

Uwanja wetu ni mmoja na wa Anitha, mke wa Ditram. Anitha ni mtu wa Bukoba, mume wake amekulia Dar, ni dereva wa lori. Ni jirani mwema. Tumeombana chumvi miaka. Binti yao Brightness ana miaka tisa.

Watoto siku hizi wana mchezo, wanauita "simu". Mmoja anasema Mulungu, wengine wanapandwa na wazimu, wanakimbizana na vijiti. Nilishawakataza. Wanaacha nikiwapo.

Mchana Mama alikuwa mkekani ndani, mlango wazi, anaomba. Mimi nilikuwa naanika. Watoto uwanjani. Mama akapaza sauti, Mulungu, Mulungu, kama anavyofanya akifika kwenye kuombea wagonjwa. Nikasikia mtoto mmoja anapiga kelele, "Bibi kapiga simu! Bibi mwenyewe!" Wakaruka wote. Nikadhani ni kicheko. Halafu kikawa si kicheko.

Binti wa nyumba ya nyuma alikuwa kashika mchi wa kinu. Alimpiga Brightness nao kichwani.

Damu ya kichwa ni nyingi. Nilimfunga kwa khanga yangu. Anitha akatoka ndani na unga mikononi. Yule binti amesimama palepale na mchi wake, wala hakukimbia. Nikamwuliza kwa nini? Akasema: "Si simu iliita."

Ndipo Mama akatoka, anapapasa ukuta. Nani ameumia, nani ameumia. Akafika, akaweka mkono juu ya mtoto, na akafanya anachojua. Akaanza kuomba. Kikaguru.

Watoto walilia kwa hofu, wakatawanyika. Anitha akamvuta Brightness kutoka mikononi mwa Mama, kwa nguvu, mpaka Mama akayumba. "Mwache mwanangu! Usimsemee hayo maneno!"

Zahanati wamemshona. Anaongea, anakula. Namshukuru Mungu.

Mama amekaa pale mlangoni mpaka jua limezama. Kaniuliza mtoto ana nywele au kanyolewa. Nikasema wamemnyoa.

Ijumaa, 20 Juni

Ditram karudi safari. Kaja kwangu. Hakusema shikamoo. Mtu ambaye miaka yote ananiamkia hata akiwa ndani ya lori, anainua mkono kabisa.

Kasema Mama Yared, mimi si mtu wa kuamini mambo ya kishirikina. Nikajua hapo anayaamini. Kasema lakini watu wanaongea. Bibi anasema, damu inamwagika. Kwenye picha ni sauti yake, na hapa ni sauti yake. Yeye Ditram hataki kujua ni lugha gani, hata lugha ya kwao mwenyewe haijui. Anachotaka ni Bibi arudi Mamboya.

Nikamweleza tarehe mosi. Nikamweleza macho.

Akasema, "Mama, mimi nakuambia kwa upendo. Wapo wasiokuja kuongea."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi tangu niiandike. Kwa upendo.

Jumatatu, 23 Juni

Bombani leo nimefika, waliokuwapo wamenipisha mbele. Hakuna aliyewahi kunipisha bombani. Nimechota nikaondoka.

Mchana jiwe limetua juu ya bati. Moja tu. Mama kasema ni embe? Nikasema ndiyo. Mwezi wa sita, na hatuna mwembe. Amejua.

Yared amejitahidi, nimwandikie haki yake. Amemwomba Bonifas aitoe picha, na Bonifas ameitoa. Lakini iko kwenye flashi za watu, Kilosa ipo, Ruaha ipo, Dumila ipo. Akarekodi ujumbe wa sauti: jamani mimi DJ Yaro, ile ni sauti ya bibi yangu, alikuwa anasema habari za mbuzi. Akautuma kwenye makundi yote. Wamemjibu kwa vikatuni vya kucheka. Mmoja kaandika, "Tafsiri part two." Mwingine kaandika maneno mabaya zaidi: kumbe mchawi ana jina, na anakaa mtaa fulani.

Kabla ya hapo hawakujua ni bibi wa nani. Yared ndiye kawaambia.

Kaja kukaa hapa na kulia. Mtu wa miaka ishirini na sita. Nimempa ugali. Ningefanya nini.

Jumatano, 25 Juni

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Abubakari, kaja mwenyewe kwa miguu. Shikamoo baba, marahaba mwanangu. Ni Msagara wa hapahapa. Kaomba aketi na Mama. Mama akamsalimia Kikaguru, yeye akajibu Kisagara, wakaelewana kama watu waliochunga pamoja.

Akaomba kusikia ile sauti. Yared akamwekea. Alisikiliza kainamisha kichwa. Akasema, "Hili jina bibi yangu alilitaja kila alfajiri, kabla hata hajatawadha. Na kwetu Mungu anaitwa hivyohivyo." Akamgeukia Yared. "Sisi wazee tungewaambia. Ila nani kati yetu anaingia kwenye banda lenu?"

Anaitisha kikao Jumamosi saa nne, ofisi ya kitongoji. Ditram atakuwepo, na vijana wa mtaa. Ushauri wake ni huu: Mama afungue kikao kwa sala, watu wamwone ni mzee anayemcha Mungu. Yeye Mwislamu hana tatizo nalo. Lakini asali kwa Kiswahili. Kila mtu asikie anachosema, pasiwe na kitu cha kuogopa.

Nikamwuliza, baba, wakiogopa bado?

Akasema basi atamtafutia gari la kumrudisha Mamboya siku hiyohiyo, macho au hapana macho. Hana askari wa kulinda nyumba yangu. Kasema ukweli, simlaumu.

Alhamisi, 26 Juni

Ubishi ndani ya nyumba.

Yared hataki Kiswahili. Anasema Bibi aombe Kikaguru chake, taratibu, na yeye asimame pembeni atafsiri neno kwa neno. Ndiyo njia ya kulisafisha jina. Wakimsikia anaomba Kiswahili watasema anaficha kile kingine. Alisema kwa uchungu, na sikuona uongo ndani yake.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe mjukuu wangu nakupenda. Ila usinitafsirie tena."

Yared akatoka nje.

Mimi niko wapi? Mchana nilikuwa upande wa mwenyekiti. Ni sala moja tu, dakika chache, halafu macho. Mungu anasikia Kiswahili, mimi mwenyewe ndicho ninachoombea. Jioni nikawaza: tukishakubali kwamba lile jina halisemwi mbele ya watu, si ndiyo tumewakubalia kwamba linaua?

Nimekwenda kwa Anitha kumwona mtoto. Alinifungulia nusu mlango. Brightness alikuwa anakula viazi, kafungwa kitambaa cheupe. Kaniuliza, "Bibi hajambo?" Mama yake akamwambia kula. Nikasema hajambo, anakusalimia. Anitha kasema asante dada, kwa sauti ya chini. Halafu kasema, "Mimi nilimsukuma mtu mzima. Silali. Lakini dada, naiogopa ile sauti, nikidanganya nitakuwa mnafiki."

Nikamwambia hata mimi nimeiogopa, kule Kilosa. Ni kweli. Mama yangu mwenyewe, kwa dakika moja, sokoni, nilimwogopa.

Ijumaa, 27 Juni

Sikuweza kufua vizuri. Mwenye gesti kanirudishia mashuka mawili.

Mama amefunga, hata maji. Nimemwambia mtu anayengoja kupasuliwa hafungi. Kasema anayengojwa na kikao anafunga.

Jumamosi, 28 Juni

Saa mbili asubuhi. Maji ya Mama ya kuoga yako jikoni, bado hayajachemka. Nimefungua daftari hili nitulie.

Ametoa vazi lake la kina mama wa kanisa, jeupe na bluu. Amelikunja na kulikunjua. Yared ameshafika, kanyoa, kavaa shati la mikono mirefu. Kakaa nje juu ya ndoo. Wamepita vijana watatu kuelekea ofisini mapema mno, mmoja akaitazama nyumba.

Sasa Mama ameanza kuomba, pale kitandani. Nimesubiri nisikie nilichozoea. Ni Kiswahili. Hakisomi, maana kitabuni hakuna sala ya namna hii, anakitunga. Anakwenda pole, kama anavyotembea tangu macho yaharibike, neno moja, anapapasa, neno jingine. "Tunakuomba... umguse mtoto huyu... hapa." Ameniita. Pale juu ya kichwa cha mtoto, panapodunda akiwa mchanga, Kiswahili wanapaitaje? Nikasema utosi, Mama. Akarudia. Utosi. "Umguse utosini."

Ametafuta neno la kuombea waliorusha jiwe. Nikampa. Ametafuta neno la kumwombea yule binti aliyeshika mchi. Nikampa.

Nje nilikuwa namsikia Anitha anafagia. Sasa simsikii. Hajaingia ndani, mlango wao unalia ukifunguliwa. Amesimama upande wa pili wa ukuta, hatua mbili kutoka dirisha hili.

Mama ananiuliza tena. Anasema, mwanangu, nikifika pale pa kumwita, mwanzo kabisa, mbele ya watu wote wale — nimwite Mungu, au nimwite kwa jina lile, kama anavyonijua?

Maji yamechemka. Yared pale kwenye ndoo kageuza kichwa, amesikia. Mama ameelekeza uso kwangu, haoni kama nimeshika kalamu. Anangoja nimwambie.